Kufungia tokeni miaka 4 ili kupata kura: fedha za kila wiki hutoka wapi?

*"Ninauza vitenge mjini Arua, na kwa muda sasa nimekuwa nikiwalipa wauzaji wangu wa nje kwa USDT, ile sarafu ya kidijitali inayofuata thamani ya dola. Nimebakiwa na dola 2,400 ambazo sizihitaji leo, ingawa kila muhula nina karo ya watoto wawili. Shemeji yangu ananishauri ninunue tokeni ya AERO, yaani sarafu ya kidijitali ya soko la mtandaoni liitwalo Aerodrome, niifungie humo kwa miaka 4, kisha niwe ninapiga kura kila wiki na kulipwa. Anasema ni sawa na akaunti ya amana ya muda maalumu, isipokuwa riba yake ni 40% kwa mwaka, na kwamba kuna miradi inayowapa wapiga kura hongo. Rafiki yake aliyeko Kampala yuko tayari kunifungia kwa sababu mimi sijazoea pochi za kidijitali za aina hiyo. Je, hii ni riba ya kweli? Nikipatwa na dharura katikati, nitaweza kutoa fedha yangu? Na hongo hiyo haitaniingiza matatani?"*

Dada yangu, nikiuweka wasiwasi wako kwa maneno yangu, unaambiwa kuna mahali ambapo fedha hukaa imefungwa kwa miaka 4 na huku inalipa kila wiki, lakini hakuna aliyekueleza anayelipa ni nani wala ana sababu gani ya kulipa. Huo ni wasiwasi wa mtu aliyezoea biashara, na nitaanza nao, kwa kuwa ukishajua malipo hayo hutoka katika mfuko wa nani, maswali mengine uliyoyauliza yatajibika kwa urahisi.

Shemeji yako hakukudanganya kuhusu kuwapo kwa mfumo wenyewe. Upo, unafanya kazi, na wapo watu wanaopata kipato humo. Alipoteleza ni pale alipoufananisha na amana. Benki ikipokea amana yako inakuwa na deni kwako la kiasi kinachojulikana, kwa tarehe inayojulikana, na katika benki zenye leseni hapa Uganda Mfuko wa Ulinzi wa Amana hufidia hadi shilingi milioni 10 kwa kila mwekaji katika kila taasisi endapo taasisi hiyo itafungwa. Katika Aerodrome hakuna mtu wala kampuni yenye deni kwako. Unanunua tokeni ambayo bei yake hupanda na kushuka sokoni, unaifungia ndani ya programu, na programu hiyo inakupa kura. Kinachorudi mwisho wa miaka 4 ni idadi ya tokeni zako, kwa bei yoyote itakayokuwapo siku hiyo.

Ili kuelewa kwa nini kura hiyo ina thamani, tutazame kwanza soko lenyewe. Katika masoko ya sarafu za kidijitali yasiyo na msimamizi mmoja, hakuna mfanyabiashara anayekaa upande wa pili akikuuzia. Kuna madimbwi ya ukwasi: watu huweka sarafu mbili pamoja, kwa mfano USDC, inayofuata thamani ya dola, na ether, ambayo bei yake hupanda na kushuka, na programu hupanga bei kulingana na kiasi cha kila sarafu kilichomo. Anayekuja kubadilisha huchota upande mmoja na kujaza upande wa pili, na hulipa ada ndogo. Dimbwi likiwa na kina, mtu anaweza kubadilisha fedha nyingi bila kuisukuma bei sana. Likiwa na kina kidogo, anayebadilisha hata kiasi cha wastani hupata bei mbaya na hatarudi. Kwa hiyo kila soko la aina hii, na kila mradi ulio na sarafu yake, huhitaji watu wa kuweka fedha katika dimbwi, na watu hao huhitaji sababu ya kuziweka hapo badala ya mahali pengine.

Njia iliyoenea mwaka 2020 ilikuwa kuwalipa watoa ukwasi kwa tokeni mpya za soko lenyewe, juu ya ada. Ilivuta fedha haraka, lakini wengi waliopokea tokeni hizo waliziuza siku ile ile, bei ikaporomoka, malipo yakapoteza thamani, na fedha zikahamia kwenye soko jingine lililokuwa likitoa tokeni zake. Mwaka huo huo soko la Curve, lililoanzishwa na Michael Egorov, lilitoa tokeni ya CRV pamoja na utaratibu ambao wengine wameuiga tangu wakati huo. Mwenye CRV anaweza kuifungia kwa muda wowote kuanzia wiki 1 hadi miaka 4, na kadiri anavyofunga kwa muda mrefu ndivyo anavyopata kura nyingi. CRV 1,000 zikifungwa kwa miaka 4 huleta kura 1,000. Zikifungwa kwa mwaka mmoja huleta 250. Kura hizo haziuziki wala hazihamishiki, na hupungua siku baada ya siku kadiri tarehe ya kufunguliwa inavyokaribia, hivi kwamba aliyefunga kwa miaka 4 asipoongeza muda hubaki na nusu ya kura zake baada ya miaka 2.

Kura hizo hufanya kazi tatu katika Curve. Huamua kila wiki tokeni mpya za CRV zigawiwe dimbwi lipi na kwa uwiano gani. Humpa mwenyewe sehemu ya ada za soko, ambayo kwa kawaida ni nusu. Na kama yeye mwenyewe pia ni mtoa ukwasi, humwongezea malipo ya CRV hadi mara 2.5 ya yale anayopata asiye na kura. Zingatia hiyo ya tatu, kwa sababu inaonyesha mfumo huu ulibuniwa kwa ajili ya nani: mtu mwenye fedha nyingi ndani ya madimbwi, anayetaka malipo yake yaongezeke, na ambaye kufungia tokeni ni gharama ya biashara anayoifanya tayari.

Aerodrome, ambayo shemeji yako anaisifu, ilianza Agosti 2023 katika mtandao wa sarafu za kidijitali wa Base, ikitokana na Velodrome iliyoanza mwaka 2022 katika mtandao wa Optimism. Zote mbili zimerithi wazo la soko la Solidly, lililobuniwa na Andre Cronje mwanzoni mwa 2022. Ufungaji wake unafanana na wa Curve, yaani hadi miaka 4 na kura zinazopungua kadiri muda unavyokwenda, lakini mgawanyo wa fedha ni tofauti. Watoa ukwasi wanaotaka tokeni mpya za AERO huachia ada zao, na ada hizo huenda kwa wapiga kura. Tena mpiga kura halipwi ada za soko zima: hulipwa za dimbwi alilolipigia kura tu, kwa uwiano wa kura zake ndani ya dimbwi hilo kwa wiki hiyo. Wiki hugeuka Alhamisi saa sita usiku kwa saa za dunia, ambayo kwetu Uganda ni saa tisa usiku wa kuamkia Alhamisi.

Sasa tufike kwenye fedha yenyewe. Mpiga kura hulipwa kutoka vyanzo vitatu, na ubora wake haulingani. Cha kwanza ni ada za wanaobadilisha sarafu. Tuseme dimbwi hutoza 0.05%, na katika wiki moja limepitisha mabadilishano ya dola milioni 1. Ada ni dola 500, na hizo ndizo wapiga kura wa dimbwi hilo watakazogawana. Hiki ndicho chanzo ninachokiheshimu, kwa maana kuna mteja aliyepata huduma akalipia. Lakini hupanda na kushuka na shughuli za soko. Miezi ambayo sarafu zinavuma, ada hujaa. Soko likipoa, wiki zinaweza kufuatana bila cha maana.

Cha pili ndicho shemeji yako alichokiita hongo, na wengi katika masoko haya hutumia neno hilo hilo. Mradi unaotaka dimbwi lake liwe na kina huweka fedha mezani na kusema: atakayelipigia kura dimbwi letu wiki hii atagawiwa hii. Chukua mfano wa mradi uliotoa sarafu yake ya dola na ukaweka dola 10,000. Kura zinazovutwa na fedha hiyo zinaelekeza kwenye dimbwi lake tokeni za AERO zenye thamani ya dola 13,000, ambazo watoa ukwasi wake watazipokea. Mradi umetoa 10,000 na kupata kivutio cha 13,000. Wapiga kura wamefurahi, watoa ukwasi wamefurahi, na ni halali kuuliza zile 3,000 za ziada zimetoka kwa nani. Zimetoka kwa kila mwenye AERO. Tokeni mpya zinapochapishwa, fungu la kila aliyekuwa nazo tayari linapungua ukubwa, na wengi wanaozipokea huziuza ili wapate fedha, jambo linalosukuma bei chini. Aliyefungia ni mmoja wa wanaobeba gharama hiyo, na tofauti na wengine, yeye hawezi kuuza ili aikwepe.

Chanzo cha tatu kimewekwa kwa sababu hiyo hiyo: kila wiki Aerodrome huwaongezea waliofungia kiasi fulani cha AERO ili fungu lao lisipungue sana. Hufidia sehemu tu ya upungufu huo. Ukiiona nyongeza hiyo imejumlishwa ndani ya asilimia unayoonyeshwa, itoe pembeni kabla ya kuita kilichobaki kipato, kwa sababu unarudishiwa kipande cha ulichopunguziwa.

Vyanzo hivi vinategemeana, na hapo ndipo udhaifu wake ulipo. Mradi hulipa wapiga kura kwa sababu AERO unazoelekezewa zina thamani. Bei ya AERO ikishuka kwa nusu, kura ile ile inaelekeza thamani ya nusu, na mradi wenye akili hautaweka tena dola 10,000. Malipo yako ya wiki na bei ya mtaji wako huwa na tabia ya kuanguka pamoja, wakati ule ule ambao ungetamani kimoja kikuokoe na kingine.

Ile 40% nayo unajua sasa imetengenezwaje. Mara nyingi huchukuliwa malipo ya wiki moja, yakazidishwa kwa 52, kisha yakagawanywa kwa thamani ya tokeni zilizofungwa kwa bei ya leo. Hakuna aliyeahidi kwamba wiki ijayo itafanana na hii. Tena wapiga kura wengine wanaliona dimbwi lile lile linalolipa vizuri. Wakihamia wote huko usiku wa Jumatano, fungu lako hupungua kabla wiki haijageuka. Wanaofanikiwa katika kazi hii hufuatilia kila wiki, wengine kwa kutumia programu za kuwasaidia, na aliyepiga kura mara moja akaiacha hujikuta mara kwa mara yuko kwenye dimbwi lililoacha kulipa.

Kuhusu mtaji, nikupe bei zilizowahi kutokea. AERO ilipita dola 2 Desemba 2024, na mwanzoni mwa Aprili 2025 ilikuwa chini ya senti 50. Aliyenunua kwa dola 2 kwa fedha yako yote angepata tokeni 1,200. Miezi minne baadaye zingekuwa na thamani isiyofika dola 600. Hata kama angelipwa 40% kamili ya mtaji wake wa mwanzo kwa mwaka mzima, yaani dola 960, bado angekuwa na jumla ya chini ya 1,560. CRV nayo ilikuwa juu ya dola 5 mwanzoni mwa 2022 na chini ya dola 1 mwishoni mwa mwaka huo huo, na aliyeifungia Januari 2022 kwa miaka 4 aliitazama safari yote hiyo bila uwezo wa kuigusa.

Hilo linajibu swali lako la dharura. Hapana, huwezi kutoa kabla ya tarehe. Hakuna meneja wa kumwendea ukiwa na barua ya hospitali. Katika Aerodrome kufuli lenyewe ni tokeni ya kipekee inayoweza kuhamishwa, kwa hiyo kuna uwezekano wa kumuuzia mtu mwingine, lakini mnunuzi atataka punguzo la kumfidia kwa miaka ya kusubiri, na kadiri unavyoonekana kuwa na haraka ndivyo atakavyokubana. Katika Curve hata hilo halipo. Mradi wa Convex, ulioanza mwaka 2021, ulijaribu kulitatua kwa kukusanya CRV za watu, kuzifunga daima, na kuwapa badala yake tokeni ya cvxCRV inayouzika. Suluhisho lilifanya kazi kwa maana ya kwamba soko lilikuwapo. Lakini kwa vipindi virefu cvxCRV imeuzwa kwa bei iliyo chini ya CRV yenyewe, na hakuna njia ya kuirudisha kuwa CRV isipokuwa kupitia soko hilo hilo.

Kuna hatari nyingine ambayo watangazaji hawapendi kuitaja, nayo ni programu. Julai 2023 wezi walitumia kasoro katika matoleo fulani ya Vyper, lugha ya kuandikia programu, kuchota makumi ya mamilioni ya dola kutoka madimbwi kadhaa ya Curve, soko lililokuwa limeaminiwa kwa miaka. Novemba 2025 soko la Balancer, nalo likiwa na mfumo wake wa kufungia ili kupata kura, liliibiwa zaidi ya dola milioni 100. Kanuni nazo hubadilika: soko jingine, PancakeSwap, lilileta mfumo huu mwishoni mwa 2023 na kuuondoa Aprili 2025. Waliofungia waliruhusiwa kutoa tokeni zao, jambo jema kwao, lakini miradi iliyokuwa imejenga biashara yake yote juu ya kura hizo ilijikuta msingi umeondolewa chini yake.

Kuhusu hongo, hofu yako ina adabu nzuri nyuma yake, lakini malipo haya hayatolewi kwa afisa wa umma wala hayafichwi. Yameandikwa hadharani kwenye blokucheni, yaani daftari la miamala ambalo kila mtu anaweza kulisoma, na mpiga kura anatumia kura yake mwenyewe. Lililo la kweli katika hofu hiyo ni kwamba kura zinazonunulika zinaweza kununuliwa na mwenye nia mbaya. Novemba 2021 mradi wa Mochi ulitumia sarafu ulizojitengenezea kupata nguvu kubwa ya kura kupitia Convex ili dimbwi lake lizawadiwe, na kamati ya dharura ya Curve ikalazimika kusimamisha malipo ya dimbwi hilo.

Nizungumze sasa kwa uzito zaidi juu ya rafiki wa Kampala, kwa sababu katika barua yako yote hapo ndipo ninapoona hatari ya karibu zaidi. Anayefungia kwa pochi yake ndiye mwenye tokeni, mwenye kura na mwenye malipo. Jina lako halitakuwa popote. Hata akiwa mwaminifu kabisa, akifariki au akipoteza maneno yake ya siri yanayofungua pochi, fedha yako imekwenda naye, na mahakama yoyote itakayokupa haki haitaweza kuiamuru programu ikufungulie. Na akikuomba wewe ufungue pochi kisha umpe yale maneno 12 au 24 "akusaidie", amekuwa na ufunguo sawa na wako. Usikubali lolote kati ya hayo mawili, wala usione haya kumkatalia kwa sababu ya undugu. Watu wengi hapa nchini walioweka fedha katika Dunamiscoins, kampuni ya sarafu za kidijitali iliyoporomoka mwishoni mwa 2019, waliingizwa na watu waliowaamini.

Kwa upande wa sheria, Aprili 2022 Benki Kuu ya Uganda iliwaandikia watoa huduma za malipo wenye leseni ikiwakataza kuwezesha ubadilishaji wa sarafu za kidijitali kuwa fedha ya simu, na kesi ya kupinga hatua hiyo ilitupwa na Mahakama Kuu mwaka 2023. Kwako maana yake ni kwamba njia ya kurudisha fedha hiyo kuwa shilingi ni nyembamba, hupitia kwa watu binafsi, na ukitapeliwa hapo hakuna mdhibiti wa kukufidia.

Ungefanya nini basi na dola 2,400? Mimi ningeitenga kwanza karo ya mwaka mzima na kuitoa kabisa katika mazungumzo haya. Fedha yenye tarehe yake haifai kufungwa humu hata kwa mwezi. Kwa fedha ya namna hiyo, hati fungani za muda mfupi za Serikali zinazouzwa na Benki Kuu kupitia benki za biashara huanzia shilingi 100,000, na zipo za siku 91, 182 na 364. Utajua mapema utapata nini na lini. Kwa kinachobaki, kama unataka kweli kujifunza masoko haya, unaweza kuweka kiasi kidogo katika dimbwi la sarafu mbili za dola bila kufungia chochote. Katika Curve utapata malipo ya kiwango cha chini, lakini utaondoka siku yoyote. Hatari hazijaisha, kwani USDC yenyewe ilishuka hadi karibu senti 88 kwa siku chache Machi 2023 benki iliyoshikilia sehemu ya akiba yake ilipofilisika, lakini zinapungua kwa kiasi kikubwa.

Na kama baada ya kusoma yote haya bado unavutiwa na kura, nunua AERO kwa kiasi ambacho kikipotea chote hakitagusa duka wala watoto, ifungie kwa wiki chache badala ya miaka 4, piga kura kwa mkono wako mwenyewe, na uandike daftarini ulicholipwa kila Alhamisi kwa shilingi pamoja na bei ya mtaji wako siku hiyo. Kura zako zitakuwa chache mno na malipo yatakuwa kidogo sana. Unachonunua hapo ni ujuzi.

Kuna mambo ambayo jibu la maandishi haliwezi kuyamaliza. Kama mapato haya yatachanganyika na ya duka, kaa na mhasibu aliyesajiliwa kabla ya kuwasilisha hesabu zako kwa Mamlaka ya Mapato, naye aone kumbukumbu zako za USDT. Kama umeshamtumia rafiki huyo chochote, mwone wakili sasa, mwandikishiane makubaliano huku mahusiano bado ni mazuri. Na kama kuna mtu yeyote ambaye tayari anayajua maneno ya siri ya pochi unayotumia kulipia vitenge, fungua pochi mpya leo, hamisha kila kilichomo, kisha ndipo umwulize alikuwa akiyahitaji kwa ajili gani. Ukikuta fedha imeshatoka, nenda polisi Arua ukiwa na anwani za pochi na kumbukumbu za miamala zilizochapishwa, uombe suala hilo lifikishwe kwa wapelelezi wa makosa ya mtandaoni.